Kuingiza wanachama wapya katika chama cha wafanyakazi: mwongozo kamili kwa tawi la kazini

Tawi likitaka kuongeza wanachama, kwa kawaida hufanya hivi: linaomba mratibu kutoka ofisi ya mkoa, mkutano unaitwa getini wakati wa kubadilishana zamu, mratibu anahutubia juu ya umoja na mshikamano, fomu zinagawiwa, watu wanazikunja na kuzitia mfukoni, kila mtu anakimbilia daladala. Mwezi unapita, fomu zilizorudi ni za kuhesabika kwa vidole. Hapo viongozi wanaanza kulalamika kwamba wafanyakazi wa siku hizi hawana mwamko.

Sikubaliani na lawama hiyo. Mfanyakazi anajua kuliko mtu yeyote kile kinachomuumiza. Kinachokosekana ni mwenzake wa kukaa naye, kumsikiliza hadi mwisho, kisha kumwomba ajiunge akimtazama usoni. Fomu huja mwisho kabisa, na mwongozo huu umepangwa hivyo. Umeandikwa kwa ajili ya sekta binafsi Tanzania Bara: kiwanda, ghala, hoteli, duka kubwa, shamba la maua. Walio Zanzibar wana sheria zao, Sheria ya Ajira Na. 11 na Sheria ya Mahusiano Kazini Na. 1, zote za mwaka 2005. Walio Kenya wanafuata Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, na huko makato ya ada ya chama kwenye mshahara huanzia kwenye Fomu S. Vifungu vitatofautiana, lakini namna ya kuzungumza na watu haitofautiani sana.

Hatua ya kwanza: jua sheria inakupa nini

Usianze kumwendea mtu yeyote kabla hujaweza kujibu swali moja: "Hivi hii inaruhusiwa?" Atakayeuliza ana haki ya kupata jibu lililonyooka.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 20, inampa kila mtu uhuru wa kushirikiana na wengine, na inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inalishusha jambo hilo hadi mlangoni mwa kiwanda. Kifungu cha 9 kinampa mfanyakazi haki ya kuanzisha chama, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake halali, na kinamkataza mwajiri kumbagua kwa sababu hiyo. Kifungu cha 60 kinamruhusu mwakilishi wa chama kilichosajiliwa kuingia katika eneo la mwajiri ili kuandikisha wanachama, kuzungumza nao na kufanya mkutano. Mwajiri anaweza kuweka masharti ya muda na mahali kwa ajili ya usalama au ili kazi isivurugike, lakini hawezi kufunga mlango moja kwa moja. Kifungu hichohicho kinaruhusu tawi kuanzishwa mahali penye wanachama kumi au zaidi.

Kuna jambo moja linalopotoshwa sana: nani haruhusiwi? Sheria inamzuia ofisa wa menejimenti ya juu, yaani anayetunga sera kwa niaba ya mwajiri na mwenye mamlaka ya kuingia mikataba ya pamoja kwa niaba yake, asiwe katika chama kimoja na wafanyakazi wa kawaida. Supavaiza wa zamu hayumo katika kundi hilo. Mkuu wa stoo hayumo. Karani wa mishahara hayumo. Nimeona watu hawa wakiambiwa kwamba cheo chao kinawazuia, nao wakaamini kwa miaka.

Kuhusu chama gani, angalia sekta yenu. TUICO inachukua viwanda, biashara na taasisi za fedha. CHODAWU inachukua hoteli na kazi za majumbani. TPAWU ni ya mashamba, TAMICO ya migodi na ujenzi, COTWU ya mawasiliano na uchukuzi. Ulizeni ofisi ya mkoa mapema ni nani atakayewahudumia na anapatikana siku zipi. Chama ambacho hakipokei simu kabla hamjajiunga hakitaipokea mkishajiunga.

Hatua ya pili: chora ramani ya watu

Chukua daftari la kawaida. Andika idara zote na zamu zote, kisha andika majina. Usiandike kwa kukadiria. Kaa na mwenzako mmoja wa kila idara mkumbushane. Tuseme kiwanda kina watu 180: uzalishaji zamu tatu, ufungashaji, stoo, madereva, mafundi, usafi, ofisi. Mbele ya kila jina andika mambo manne: ameajiriwa na nani, ana muda gani kazini, anakaa karibu na nani, na jambo gani umewahi kumsikia akililalamikia.

Hilo la kwanza ndilo linalosahaulika. Siku hizi unaweza kukuta watu wawili kwenye mashine moja, mmoja ana mkataba wa kiwanda, mwingine ameletwa na wakala. Angalia jina lililoandikwa juu ya slipu ya mshahara. Huyo ndiye mwajiri wake kisheria, na barua ya makato itapelekwa kwa huyo. Watu wa wakala waandikisheni pia, ila hesabu yao iwekeni kando, kwa sababu mkiwachanganya kwenye hesabu ya kiwanda mtajidhania wengi kuliko mlivyo.

La pili, muda kazini, lina uzito wa kisheria. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, kwa kifungu cha 35, haimhusu mtu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Bado analindwa asibaguliwe kwa ajili ya chama, lakini kesi yake ni ngumu zaidi. Mtu wa miezi miwili usimweke mbele agawe karatasi. Zungumza naye, mkaribishe, mwache atimize muda wake kwanza. Ni wajibu wetu kumlinda mtu kabla hatujamtumia.

Daftari hili lisikae kazini, lisipigwe picha, lisitumwe kwenye kundi la WhatsApp. Lina taarifa za watu ambao hawajakubali lolote bado. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata kama isingekuwepo, karatasi hiyo ikifika mikononi mwa menejimenti utakuwa umewachoma wenzako wote kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya tatu: mtafute anayeshika daftari la rambirambi

Katika kila idara kuna mtu ambaye mwenzao akifiwa, yeye ndiye anayezunguka kukusanya michango. Hakuchaguliwa, halipwi, na pesa zikimfikia hakuna anayeuliza zimekwenda wapi. Anajua nani ana mgonjwa, nani hajalipa kodi ya nyumba, nani amegombana na supavaiza. Mara nyingi ni mama wa makamo wa ufungashaji, au fundi mtulivu asiyesema sana. Wakati mwingine ni mweka hazina wa kikoba, au kijana anayepanga usafiri wa msibani.

Huyo ndiye mtu wako. Akijiunga, idara itamfuata. Asipojiunga, unaweza kuhubiri mwaka mzima.

Makosa ya kawaida ni kumchagua msemaji. Kila kiwanda kina mtu anayegombana na uongozi kila siku, mwenye sauti kubwa na msamiati mkali. Ni vizuri kuwa naye, lakini wenzake wengi humsikiliza bila kumfuata, na wengine wanamwogopea kwa sababu wanajua siku moja atafukuzwa. Ukianza naye, chama kitaonekana ni ugomvi wake binafsi na bosi.

Kipimo changu ni rahisi. Waulize watu watatu wa idara moja, kila mmoja kwa wakati wake: "Ukipata tatizo hapa kazini, unaanza kumweleza nani?" Jina litakalojirudia liwekee alama kwenye ramani. Ukipata mtu mmoja wa namna hiyo kwa kila watu kumi au kumi na tano, una kamati ya kuanzia. Kwa wale 180, hiyo ni kamati ya watu kama kumi na wawili, na hakikisha wanawake wamo kwa kiasi kinachofanana na idadi yao kiwandani, zamu ya usiku imo, na watu wa usafi wamo. Idara isiyokuwa na mtu kwenye kamati ndiyo itakayotumiwa kuwavunja.

Hatua ya nne: tafuta jambo lenye namba

"Haki zetu" ni maneno mapana mno. Mtu hajiungi kwa ajili ya maneno mapana. Anajiunga kwa ajili ya jambo analoliona kwenye slipu yake au mwilini mwake. Kazi ya kamati katika wiki za mwanzo ni kukusanya malalamiko na kuyalinganisha na sheria, ili mjue lipi ni uvunjaji wa sheria na lipi ni jambo la kujadiliana.

Saa za kazi za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, na kila saa inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Kufanya kazi siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu kunalipwa mara mbili. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, yenye malipo. Likizo ya uzazi ni siku 84, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mwenye kuumia kazini ana fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mchango wa mfuko huo unatoka kwa mwajiri peke yake. Mfanyakazi hatakiwi kukatwa hata shilingi.

Kisha kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kama una muda wa kulifuatilia jambo moja tu, fuatilia hili. Mwombe kila mwanakamati aangalie taarifa ya michango yake na ailinganishe na slipu. Makato yanaonekana kila mwezi, lakini je, yamefika? Mtu aliyekatwa miaka mitatu na kukuta miezi kumi tu imeingia hahitaji hotuba. Na mkikuta kila kitu kipo sawa, semeni hivyo hadharani, maana chama kinachomsingizia mwajiri kwenye jambo moja hakitaaminiwa kwenye jingine.

Chagueni jambo moja au mawili tu ya kuanzia: liguse wengi, wanalihisi sana, na lina uwezekano wa kushinda. Glavu kwa watu wa kemikali. Usafiri wa zamu inayotoka saa 5 usiku. Nyongeza ya usiku isiyolipwa. Kupandisha mshahara ni jambo kubwa, liacheni lije mkiwa na wingi wa kukaa mezani.

Hatua ya tano: mazungumzo ya mtu na mtu

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo ninawasihi msiwe na haraka.

Zungumza na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mahali pawe nje ya macho ya wakubwa na nje ya saa za kazi: njiani kuelekea kituoni, kwa mama lishe, nyumbani kwake Jumapili ukikaribishwa. Mapumziko ya chakula yanafaa kwa mazungumzo mafupi tu. Anayekwenda awe mtu wa idara yake, na kama inawezekana wa rika lake au anayemheshimu. Kumtuma kijana wa miaka ishirini na mitatu akamfundishe mzee mambo ya kazi ni kumkosea adabu mzee na kumtesa kijana.

Anza na salamu kamili, usizikatize. Kisha uliza na unyamaze. Katika mazungumzo mazuri, mwenzako anasema zaidi yako. Angalia mfano huu, kati ya dada wa kamati na mama wa usafi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mama. Mguu unaendeleaje?"

"Mguu ndio huo. Sakafu ya kule chini ina maji muda wote, nasimama humo tangu asubuhi."

"Viatu vya kazi hamjapewa?"

"Tulipewa mwaka juzi. Vimekwisha. Nimenunua hizi ndala mwenyewe."

"Uliwahi kumwambia supavaiza?"

"Nilimwambia. Alisema bajeti haijapita. Basi, nikanyamaza. Ukisema sana unaonekana mkorofi."

"Na wenzio wa usafi, nao wako hivyohivyo?"

"Wote. Mama mwenzangu wa zamu ya jioni aliteleza hadi akaanguka."

"Mama, tukienda wote wa usafi, na wa ufungashaji wakatuunga mkono, unadhani atatujibu vilevile kwamba bajeti haijapita?"

"Wote tukienda… hapo hatatujibu hivyo."

"Ndicho tunachokifanya. Tumeanza kujiandikisha chamani, idara kwa idara, ili barua ya viatu iende ikiwa na majina ya watu wengi. Ningependa na wewe uwemo. Utaungana nasi?"

Hapo dada ananyamaza. Hasemi neno la pili. Ukimya baada ya kuomba ni mgumu, na wengi wetu huuvunja kwa kuongeza maelezo, tukimpa mwenzetu mlango wa kukwepa. Mwache afikiri.

Tazama pia kile ambacho dada hakukifanya. Hakutaja kifungu cha sheria kabla ya kuulizwa. Hakuahidi viatu. Hakumtisha. Alimuuliza mpaka mama mwenyewe akasema kwamba peke yake hawezi na kwa pamoja inawezekana. Neno hilo likitoka kinywani mwake lina nguvu kuliko likitoka kwako.

Akikubali, mpe kazi ndogo hapohapo: "Mama, unaweza kuniitia yule mwenzio wa jioni tuongee?" Mtu aliyefanya jambo moja dogo kwa ajili ya chama ameshaanza kuwa mwanachama, hata kabla ya sahihi. Akisema atafikiria, uliza anafikiria nini hasa, na mpange siku ya kurudi. Na urudi siku hiyo kweli.

Hatua ya sita: maswali magumu yajibuni kwa ukweli

"Chama kinakula pesa tu." Usikasirike. Kuna matawi ambayo kweli hayajaitisha mkutano wala kusoma mapato na matumizi kwa miaka. Mwambie ada ni kiasi gani kwa shilingi: kama ni asilimia 2 na mshahara ni 300,000, ni 6,000 kwa mwezi. Mwambie sehemu gani inabaki tawini na sehemu gani inapanda. Kama hujui, kaulize ofisi ya mkoa kwanza, kisha urudi na namba. Mweleze pia kwamba kujitoa kunawezekana: sheria inataka notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Mtu anayeujua mlango wa kutokea haogopi kuingia.

"Mimi si mwanachama lakini nakatwa." Hii ni ada ya uwakala. Chama chenye wingi wa wafanyakazi kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama nao wachangie, kwa kuwa mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, unawanufaisha na wao, na ada hiyo haizidi ya mwanachama. Mweleze hivyo bila kumcheka. Kisha mwambie jambo la maana zaidi: anatoa pesa ileile lakini hana kura. Akijiunga anachagua viongozi na anaweza kuwaondoa. Wengi niliowaona wakijiunga kwa moyo walikuwa watu wa namna hii, waliokuja wakiwa na hasira.

"Chama ni cha serikali." Kwa wazee, kauli hii ina historia. Vyama huru vilivyokuwa chini ya TFL, shirikisho lililoanzishwa 1955, viliondolewa 1964 na kuwekwa NUTA, chama kimoja kwa sheria. Baadaye ikaja JUWATA, jumuiya ya chama tawala, hadi OTTU ilipoanzishwa 1991. Anayekumbuka enzi hizo ana sababu ya kushuku. Mwambie kwamba leo viongozi wa tawi wanachaguliwa na watu wa palepale kazini, na kama hawafai, yeye ndiye wa kuwaondoa.

"Nitafukuzwa." Usiseme "hawawezi." Wanaweza kujaribu. Sema ukweli: sheria inakataza, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya kushtaki, na kinga kubwa ni kutokuwa peke yake. Ndiyo maana mnakusanya fomu nyingi kwanza kabla ya kuzipeleka.

"Mkataba wangu ni wa miezi michache." Huyu ndiye anayehitaji chama kuliko wote, na ndiye anayekiogopa kuliko wote. Usimlazimishe. Mwambie lipi mtalidai kwa ajili yake, mfano kubadilishwa kuwa wa kudumu kwa waliorudiwarudiwa mikataba, kisha mpe muda.

Kuna mambo mawili yaliyo mwiko katika kuandikisha: kuahidi nyongeza ya mshahara, na kumwekea mtu sahihi. Sahihi moja ya kughushi inaweza kuangusha fomu zote mbele ya Tume, na imani ya watu haitarudi.

Hatua ya saba: fomu

Fomu ya kumruhusu mwajiri akate ada ni TUF.6. Ijazwe na mfanyakazi mwenyewe, jina liwe kama lilivyo kwenye slipu, namba ya mfanyakazi iwepo, sahihi na tarehe viwepo. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi anayemwamini, kisha aweke dole gumba. Tengenezeni nakala: ya mwajiri, ya chama, ya mwanachama.

Msizipeleke mojamoja. Watano wa kwanza wakipelekwa peke yao, majina yao yanakuwa mezani kwa ofisa rasilimaliwatu wakiwa hawana wa kuwakinga. Wekeni kiwango, kwa mfano watu wa idara zote na angalau theluthi ya kiwanda, halafu zipelekwe siku moja kwa barua yenye orodha. Lakini pia msizifungie miezi mingi. Aliyesaini na asione kitu atadhani ametapeliwa. Kwangu mimi, wiki sita hadi nane tangu fomu ya kwanza inatosha.

Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa na iandikwe tarehe. Mwezi unaofuata, kila mwanakamati akague slipu za watu wake. Makato yakianza, sheria inamtaka mwajiri ayawasilishe kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Pesa iliyokatwa isipofika ni kosa kubwa kuliko isiyokatwa, lifuatilieni palepale.

Hatua ya nane: kwenda mezani

Kutambuliwa kama wakala pekee wa majadiliano, yaani chama kinachojadiliana na mwajiri kwa niaba ya wote, kunahitaji wingi wa wafanyakazi katika kundi husika. Kwa 180, wingi ni 91. Msiende na 91. Wengine watahama kazi, wengine wataitwa ofisini na kutetereka, na mwajiri atabishana juu ya nani anahesabika. Nendeni mkiwa 120 au zaidi.

Notisi ya kutaka kutambuliwa inatolewa kwa fomu iliyowekwa, na mwajiri ana siku 30 za kukutana na chama ili wakubaliane. Akikataa au akikaa kimya, shauri linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa usuluhishi, na likishindikana, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, ambayo inaweza hata kuagiza kura ipigwe. Hapa mwachieni ofisa wa chama wa mkoa aongoze, ila tawi lihudhurie kila kikao. Kazi ya tawi katika siku hizo 30 ni kuwashikilia watu: kila mwanakamati awaone watu wake kumi angalau mara moja kwa wiki, hata kwa salamu.

Mwajiri akianza kutisha

Dalili zake zinafahamika. Watu wanaitwa mmojammoja na kuulizwa nani aliwaletea fomu. Zamu zinabadilishwa ghafla. Kinaibuka "kikamati cha wafanyakazi" kilichoteuliwa na ofisi, chenye soda na vitambaa vya kichwa. Au mtu mmoja anapandishwa cheo ghafla.

Waelezeni watu mapema, kabla ya fomu kupelekwa, kwamba haya yatatokea. Jambo lililotabiriwa halitishi sana likija. Anayeitwa ofisini aende kwa adabu, asikilize, asisaini chochote pale, aseme: "Naomba nikasome kwanza." Akitoka aandike tarehe, saa, waliokuwepo na maneno yaliyosemwa. Akiachishwa kazi, siku 30 za kupeleka malalamiko Tume kwa fomu CMA F.1 zinaanza kuhesabika. Msizipoteze kwa kusubiri huruma. Siku hiyohiyo ofisa wa mkoa apigiwe, na michango ya kumsaidia mwenzenu ianze. Wafanyakazi wote watakuwa wanatazama kama chama kimemwacha.

Baada ya kujiunga

Matawi mengi hupoteza watu hapa. Mtu anasaini, anaanza kukatwa, halafu kimya. Ndani ya mwezi wa kwanza wa makato itisheni mkutano, hata wa nusu saa, muwasomee: tuko wangapi, ada ya tawi ni kiasi gani, barua ya viatu imefika wapi. Chagueni wawakilishi. Sheria inatoa mwakilishi 1 kwa wanachama 1 hadi 9, 3 kwa wanachama 10 hadi 20, 10 kwa wanachama 21 hadi 100, na 15 kwa zaidi ya 100. Kati ya hao 15, angalau watano wawawakilishe wanawake kama wapo. Wawakilishi wana haki ya muda wa kutosha wenye malipo kufanya kazi hiyo, kwa hiyo wasijifiche.

Shughulikieni shauri dogo la kwanza kwa bidii yote, hata kama ni la siku mbili za likizo za mtu mmoja, na matokeo yake yaelezwe idara nzima kwa idhini ya mhusika.

Ajira mpya ikitoka, mwakilishi wa idara amwone mgeni wiki yake ya kwanza. Amwonyeshe kantini ilipo, amweleze saa za ziada zinavyoandikwa, amwambie slipu ya kwanza ikitoka waisome pamoja. Jina lake liingie kwenye ramani, na mbele yake iandikwe tarehe atakayotimiza miezi sita.